"Hasikii": Neno Moja, Maana Nne

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni hili: mtu asiyesikia aitweje katika maandishi rasmi? Wengi wanaouliza hutaka wapewe neno moja tu, litakalofaa kuandikwa katika fomu, katika tangazo na katika kitabu cha kiada. Makala hii yakusudia kulijibu swali hilo. Lakini twasema mapema kwamba neno moja halitoshi, na kwamba kulitafuta hilo neno moja ndiko kunakowafanya watu wengi wakose msaada ambao tayari upo. Mtu huja kuomba huduma pale tu anapojitambua katika jina la huduma hiyo. Jina likiwa si lake, hupita mbele ya mlango bila kubisha hodi.

Mifano yetu mingi tumeitoa Kitaya, kata iliyo kando ya Mto Ruvuma katika Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, mkoani Mtwara. Huko wananchi hulima mpunga na mikorosho na kuvua samaki. Nyumbani husema Kimakonde, ofisini husema Kiswahili, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, ambako lugha ya serikali ni Kireno. Mahali penye lugha nyingi namna hiyo, kasoro ya istilahi huonekana upesi kuliko mjini.

Maana nne za "kusikia"

Tatizo letu la kwanza halikuletwa na lugha za kigeni. Limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kitenzi "kusikia" kina maana zisizopungua nne. Maana ya kwanza ni sauti kufika sikioni: "Nimesikia ngoma." Ya pili ni kufahamu, hasa kufahamu lugha. Mtu wa pwani huulizwa, "Wasikia Kimakonde?" naye hujibu, "Nasikia kidogo, ila sisemi." Ya tatu ni kutii: "Mtoto huyu hasikii," yaani ni mkaidi. Ya nne ni kupata hisia mwilini, kama vile kusikia njaa, kusikia baridi na kusikia uchungu.

Methali zetu zimeshikilia zaidi ile maana ya tatu. Tunaposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, au kwamba sikio la kufa halisikii dawa, hatusemi habari za maradhi ya masikio. Tunamsema mtu aliyekataa kuonywa. Vivyo hivyo "msikivu" ni mtu mtiifu na mwenye adabu, wala si mtu mwenye masikio mazima.

Mchanganyiko huu una madhara. Mama mmoja wa mkoa huo alitusimulia jinsi alivyompeleka mwanawe kuanza darasa la kwanza katika shule ambayo hatutaitaja. Alimwambia mwalimu, "Mwalimu, mwanangu huyu hasikii." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Usijali mama, hapa kwetu atasikia." Mama alikuwa amesema maana ya kwanza, mwalimu akapokea maana ya tatu. Kwa muda wa mihula miwili mtoto yule aliadhibiwa kwa kutoitika jina lake. Hapana aliyekuwa na nia mbaya. Neno lilikuwa pana kupita kiasi, na wala hapakuwa na neno jingine lililo jembamba ambalo mama na mwalimu wote wawili walikuwa wamelizoea.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa walimu na wauguzi ni hili. Mzazi akisema "hasikii", usiandike lolote kabla ya kuuliza swali la pili: "Je, ukimwita akiwa amekupa mgongo, hugeuka?" Swali hilo hutenga maana ya kwanza na zile nyingine tatu. Katika maandishi rasmi ni afadhali kusema "hasikii sauti" au "ana shida ya kusikia sauti" kuliko "hasikii" peke yake.

Neno "usikivu" na matatizo yake

Wataalamu wa afya wamelichukua neno "usikivu" na kulipa kazi mpya, yaani uwezo wa sikio kupokea sauti. Hatuna ubishi na uteuzi huo. Neno limeundwa kwa kanuni za Kiswahili, ni fupi, na limekwisha kuenea hospitalini. Hata hivyo yafaa mfasiri akumbuke kwamba neno hilo lina kazi nyingine mbili. Mkutano unapokwisha, msemaji huwashukuru watu kwa usikivu wao, yaani kwa kumsikiliza kwa makini. Na katika habari za utangazaji, "usikivu" ni jinsi mawimbi ya redio yanavyopatikana mahali fulani.

Maana hii ya redio ndiyo iliyotupokea Kitaya. Tulikuwa na karatasi yenye kichwa "Huduma ya Usikivu". Mzee mmoja mvuvi, baada ya kuitikia shikamoo yetu, alisomewa karatasi ile akafurahi sana. "Afadhali mmekuja, wanangu," alisema. "Redio yetu jioni huingiliwa na stesheni za ng'ambo." Alipoelezwa kwamba habari ilikuwa ya masikio, aliukinga mkono nyuma ya sikio ili asikie vema, kisha akasema, "Hilo ni la viziwi. Mimi si kiziwi. Sauti naisikia, ila maneno hayanifikii."

Mzee huyu alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kichwa cha tangazo kisiishie katika neno "usikivu" pekee. Kiandikwe "upimaji wa masikio" au "huduma kwa wenye shida ya kusikia". La pili ni kubwa zaidi: yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watu waliokusudiwa na karatasi ile, wala hakujua. Maneno yake, "sauti naisikia, ila maneno hayanifikii", ni maelezo sahihi kabisa ya hali inayowapata watu wengi wanapozeeka. Sauti nyembamba hupotea kwanza, na pamoja nazo hupotea konsonanti kama s, f, t na k, ambazo ndizo zinazolitofautisha neno na neno. Vokali hubaki zikisikika, kwa hiyo mtu husikia mvumo wa mazungumzo bila kuyapata mazungumzo yenyewe.

Watu wanne tofauti

Sasa na tuyatazame majina ya watu. Katika fomu nyingi twakuta safu moja iliyoandikwa "viziwi/mabubu". Safu hiyo inawaweka pamoja watu wa namna nne, ambao mahitaji yao hayafanani.

Wa kwanza ni kiziwi. Huyu hasikii mazungumzo hata kwa msaada wa kifaa, au husikia kidogo sana, na aghalabu amekuwa hivyo tangu kuzaliwa au tangu utoto. Anachohitaji kwanza ni lugha ambayo macho yanaweza kuipokea, yaani lugha ya alama, na shule inayofundisha kwa lugha hiyo. Wako watu wanaodhani kwamba "kiziwi" ni neno la dharau, kwa kuwa limo katika ngeli ya vitu. Lakini upatanisho wake wa kisarufi ni wa viumbe wenye uhai: twasema "kiziwi huyu amekuja", wala hatusemi "kiziwi hiki kimekuja". Zaidi ya hayo, wenyewe wamelichagua. Chama chao, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980, chaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kifupi CHAVITA. Mfasiri anayeliondoa neno hilo na kuweka kirai kirefu kwa kudhani anawaheshimu wahusika, yampasa kwanza awaulize wahusika.

Wa pili ni mtu mwenye usikivu hafifu. Huyu husikia, lakini si vya kutosha. Anaweza kusaidiwa na kifaa, na kwa kusemeshwa uso kwa uso mahali pasipo kelele. Kumwita "kiziwi" ni kumfukuza, kama tulivyoona kwa mzee wa Kitaya. Kumwita "kiziwi kidogo" ni kumkejeli.

Wa tatu ni mtu aliyepoteza usikivu ukubwani, kwa ugonjwa, kwa dawa au kwa kelele. Huyu ana lugha ya kusema tayari, na pengine hajui alama hata moja. Kumletea mkalimani wa lugha ya alama si kumsaidia. Kilicho cha manufaa kwake ni maandishi: aandikiwe, naye asome.

Wa nne ni kiziwi asiyeona. Huyu ana mahitaji ya peke yake. Lugha yake hupitia mikononi, kwa kugusa. Kumhesabu mara mbili, mara moja kwa viziwi na mara ya pili kwa wasioona, ni kumpoteza katika hesabu zote mbili.

Na bubu je? Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Viziwi walio wengi wana sauti na viungo vizima vya kusemea. Hawakujifunza kusema kwa sababu hawakuyasikia maneno ya kuigiza. Kwa hiyo "bubu" si jina la kiziwi, na "kiziwi-bubu" halifai kuendelea kutumika katika maandishi rasmi. Kosa hili si la adabu tu. Afisa akiandika "bubu", msomaji wa faili huelewa kwamba mtu huyo hana lugha, na asiye na lugha haulizwi maoni yake. Hushauriwa ndugu yake, husaini ndugu yake, na mali hugawanywa na ndugu yake. Lakini kiziwi mwenye lugha ya alama ana lugha kamili. Kinachokosekana ni mkalimani.

Swali lililo bora kuliko jina

Pengine mtumishi atasema: fomu yangu ina nafasi moja tu, nitaandika nini? Jibu ni kwamba hana haja ya kuandika jina la mtu, maana anaweza kuuliza juu ya tendo. Ndivyo wataalamu wa takwimu walivyofanya. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya takwimu za ulemavu, halimwulizi mtu kama yeye ni kiziwi. Linauliza kama ana shida ya kusikia hata akiwa anatumia kifaa, kisha linatoa majibu manne: hana shida, ana shida kiasi, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Uchunguzi wa hali ya ulemavu uliofanywa Tanzania mwaka 2008 ulitumia maswali ya namna hiyo. Mzee wetu angeulizwa hivyo, angejibu bila kusita.

Kwa watafsiri wa vitabu vya afya, madaraja ya upungufu wa usikivu yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani hupimwa kwa desibeli, nasi twapendekeza yaandikwe hivi:

Usikivu wa kawaida: chini ya desibeli 20.
Upungufu mdogo: 20 hadi chini ya 35.
Upungufu wa wastani: 35 hadi chini ya 50.
Upungufu uliozidi wastani: 50 hadi chini ya 65.
Upungufu mkubwa: 65 hadi chini ya 80.
Upungufu mkubwa sana: 80 hadi chini ya 95.
Uziwi kamili: 95 na kuendelea.

Msomaji asiyezoea mambo haya atakosea akidhani kwamba tarakimu kubwa ni usikivu mzuri. Tarakimu ni kiasi cha sauti kinachohitajika ili mtu aanze kusikia. Kadiri inavyopanda, ndivyo sikio lilivyo zito. Shirika hilo huhesabu kwamba mtu ambaye sikio lake lililo afadhali limepita desibeli 35 anahitaji huduma. Katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu wa namna hiyo duniani walikuwa zaidi ya milioni 430, na kwamba huenda wakafika milioni 700 ifikapo mwaka 2050.

Ni muhimu vilevile kuvitaja visababishi kwa majina yanayofahamika. Usaha sikioni, surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, na manjano kali kwa mtoto mchanga, vyote vyaweza kuharibu usikivu. Rubela ikimpata mama mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Baadhi ya dawa, kama streptomaisini na jentamaisini, huweza kulidhuru sikio, ndiyo sababu hupasa kutolewa kwa uangalizi. Kelele za mashine na milipuko huua chembe hai za ndani ya sikio, na chembe hizo hazioti tena. Katika pwani yetu, ambako wako watu waliovua kwa baruti, onyo hilo laweza kutolewa pamoja na lile la kuhifadhi matumbawe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Kwa hiyo msemo "ni kazi ya Mungu, hakuna la kufanya" usipewe nafasi katika kitabu cha mafunzo.

Alama, ishara, na mkalimani

Wafasiri wengi huuliza kama tuseme "lugha ya alama" au "lugha ya ishara". Tanzania imezoea "lugha ya alama", na Kenya imezoea "ishara". Tofauti hii si ya kugombania, maadamu kila nchi inashikilia moja. Lakini ndani ya Tanzania yafaa tutenganishe hivi: ishara ni mwendo wa mkono au wa uso ambao kila mtu huufanya, kama kumpungia mtu aje, lugha ya alama ni lugha yenye msamiati na sarufi yake, ambayo mtu hawezi kuifahamu bila kujifunza. Anayesema kwamba anajua lugha ya alama kwa kuwa anaweza kuashiria kula na kulala, ni sawa na anayedai kujua Kireno kwa kuwa anaweza kusalimu.

Lugha hii imepita njia ngumu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, nchini Italia, uliamua kwamba watoto wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na alama zikakatazwa katika shule nyingi duniani kwa miaka mingi. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kwa muda mrefu baadhi ya shule zetu nazo zilikataza alama darasani. Wanafunzi wakazitumia mabwenini na viwanjani, kila shule kwa namna yake. Ndiyo sababu alama za shule moja zaweza kutofautiana na za nyingine. Mwaka 2004 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyotungwa na H.R.T. Muzale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu lugha za alama kuwa ni lugha sawa na zile zinazosemwa kwa kinywa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zote zinataja kuendelezwa kwa lugha hiyo.

Kwa kuwa ni lugha, anayeivusha kwenda Kiswahili ni mkalimani. "Mfasiri" hufanya kazi juu ya maandishi, na "mkalimani" juu ya mazungumzo. Twasisitiza tofauti hii kwa sababu ofisi nyingi humwomba "mtu wa kumsaidia", na mtu huyo mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa. Mtoto wa miaka kumi hawezi kumwambia daktari maradhi ya siri ya mama yake, na hata akiweza, haifai. Fomu ikiandika "mkalimani", ofisi hulazimika kumtafuta mkalimani. Ikiandika "msaidizi", mtoto ataitwa.

Majina ya vifaa

Kifaa kinachovaliwa sikioni ili kukuza sauti kimekwisha kupata jina zuri la Kiswahili, "shimesikio". Neno "shime" ni la kuhimizana kazini, na hapa kifaa kinalihimiza sikio. Twalipendekeza liandikwe neno moja. Mfasiri asiache kueleza kwamba shimesikio haliponyi. Linakuza sauti zote pamoja, za mazungumzo na za sufuria, linahitaji betri, na masikio huhitaji majuma kadhaa kulizoea. Wengi hulivaa siku mbili, huona kelele zimezidi, kisha huliweka kabatini kwa kuwa hawakuambiwa hayo.

Kifaa kinachowekwa ndani kwa upasuaji ni kitu kingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Kiitwe "kipandikizi cha usikivu", kisichanganywe na shimesikio. Ule mlio unaosikika masikioni pasipo sauti ya nje uitwe "mvumo wa masikio", na uchafu wa asili unaoweza kuziba tundu uitwe "nta ya sikio". Jina hili la mwisho ni dogo lakini lina faida, maana mtu aliyezibwa na nta huweza kusikia tena siku ile ile aliyosafishwa na mwuguzi. Akiitwa kiziwi na kukubali, hataenda.

La mgambo likilia

Tumefikia jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Twasema kwamba la mgambo likilia lina jambo. Katika vijiji vyetu habari za hatari, za chanjo, za mikutano na za ugawaji wa pembejeo hutolewa kwa sauti: kwa mbiu, kwa kipaza sauti, kwa kengele ya shule. Hata habari za huduma za masikio hutangazwa kwa kipaza sauti, yaani huelekezwa kwa watu wasioweza kuzisikia.

Mwezi Oktoba 2020 Kitaya ilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka mto kutoka Msumbiji. Usiku wa namna ile, wanaosikia huamshwa na milio, na kelele za majirani huwaambia upande wa kukimbilia. Asiyesikia hutegemea mkono wa mtu wa kumtikisa. Kwa hiyo orodha ya viziwi na wenye usikivu hafifu iliyo mikononi mwa balozi wa nyumba kumi si karatasi ya takwimu tu. Nayo orodha haiwezi kuwa sahihi ikiwa kichwa chake kimeandikwa "mabubu", kwa sababu nusu ya wahusika hawatajitaja.

Ili kuonyesha tunayoyasema, tutaweka pamoja matangazo mawili. La kwanza ni la namna tuliyoizoea:

"Walemavu wa masikio na mabubu wote wafike kituoni kwa ajili ya zoezi la utambuzi. Atakayesikia amwarifu na mwenziwe."

La pili ni lile tunalolipendekeza:

"Je, unasikia sauti lakini maneno hayakufikii? Je, mtoto wako hageuki ukimwita kwa nyuma? Je, sikio lako linatoa usaha au lina mvumo? Njoo upimwe masikio. Viziwi mnakaribishwa, mkalimani wa lugha ya alama atakuwapo. Asiyeweza kusikia tangazo hili aonyeshwe karatasi hii au afuatwe nyumbani."

Tangazo la pili ni refu zaidi, lakini linamtaja kila mmoja kwa hali anayoijua mwenyewe. Liandikwe kwa herufi kubwa, libandikwe penye watu wengi, na mistari yake ya kwanza itolewe pia kwa Kimakonde. Na likisemwa kwamba mkalimani atakuwapo, basi awepo.

Njia ya kuufikia msaada

Mwisho, twaorodhesha kwa ufupi mahali ambapo mtumishi aweza kumwelekeza mwananchi. Mwenye maumivu, usaha au kuziba kwa sikio aanzie zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote zikiwa Mtwara, na kutoka huko Muhimbili. Katika barua ya rufaa aombewe daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na upimaji wa usikivu. Mzazi wa mtoto kiziwi amwone ofisa elimu wa halmashauri anayeshughulikia elimu maalumu, mapema iwezekanavyo, kwa kuwa miaka ya kwanza ndiyo miaka ya lugha. Mtoto asingoje kufikisha umri wa kwenda shule za kawaida. Kiziwi mtu mzima na jamaa zake watafute viongozi wa CHAVITA, ambao ndio wanaowajua wakalimani na mahali pa kujifunzia lugha ya alama. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuulizwa juu ya vifaa na haki zinazotokana na Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010.

Kila mlango katika hiyo una jina juu yake. Kazi yetu sisi tunaoshughulika na maneno ni kuhakikisha kwamba mwenye haja akilisoma jina, au akionyeshwa, atajua kuwa ni lake. Mzee wa Kitaya alikubali kwenda kupimwa tulipoacha kusema "viziwi" na kumwuliza kama maneno yanamfikia. Hatukubadili kitu kingine ila swali.

Istilahi tulizozitaja humu ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa elimu maalumu, wauguzi na viziwi wenyewe, watuletee maoni yao, pamoja na maneno yanayotumika katika Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua kwa hali hizi mbalimbali. Kanuni yetu ni kwamba kabla ya kukopa mbali, tutazame kwanza kile kilichomo katika lugha za jirani. Pengine huko lipo neno linalomtenga asiyesikia sauti na asiyetaka kutii, nasi tutashukuru kulipata.